Mgeuzo wa Nafasi za Rangi na Swala la Utu katika Sinema Bubu: Uhakiki wa Sur un air de Charleston (1927)

Utangulizi

Methali isemayo "Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu" ni hoja kamili ya kimaadili iliyofumbatwa katika maneno machache. Inamtaka mtenda ajiweke mahali pa mtendwa kabla ya kuamua kwamba tendo lake ni halali. Hoja hiyo ndiyo msingi wa mbinu ya kisanaa ya mgeuzo wa nafasi, ambapo bwana hufanywa mtumwa, au mtawala akafanywa mtawaliwa, ili msomaji auonje uchungu ambao hapo awali aliuona kuwa ni wa wengine. Bunilizi za kisayansi zimeitumia sana mbinu hii, kwa kuwa utanzu huo humruhusu mtunzi kuusogeza wakati mbele na kuupanga ulimwengu upya apendavyo.

Hata hivyo, mgeuzo unazua swali ambalo methali hiyo haikukusudiwa kulijibu. Je, kuwabadilishia watu nafasi ni sawa na kuiondoa dhuluma iliyozipanga nafasi hizo? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuihakiki filamu fupi ya Mfaransa Jean Renoir, Sur un air de Charleston, iliyoonyeshwa mwaka 1927. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba filamu hiyo inawabadilisha wapandaji wa ngazi bila ya kuigusa ngazi yenyewe. Aidha, inadaiwa kwamba kasoro yake kuu ya kimaadili haimo katika vichekesho vyake vya wazi, bali katika jambo linaloelekea kuwa la furaha tupu, yaani swala la ngoma ni ya nani.

Kisa na Mazingira Yake

Filamu hii ni ya takribani dakika 20, na Renoir aliipiga kwa mikanda iliyosalia baada ya kutengeneza filamu yake ndefu, Nana, ya mwaka 1926. Kisa chake ni chepesi. Mwaka ni 2028. Ulaya imeangamia na kusahaulika, na ustaarabu umehamia Afrika. Mvumbuzi Mwafrika anaondoka Afrika ya Kati katika chombo cha angani chenye umbo la tufe na kutua Paris, mji uliogeuka magofu. Kwa mbali unaonekana Mnara wa Eiffel uliopinda. Huko anamkuta mwanamke wa Kizungu aliyevaa nguo chache, anayeishi na sokwe. Mwanamke huyu, ambaye ndiye "mshenzi" wa kisa, anacheza Charleston. Mvumbuzi anashangaa, anaogopa, kisha anavutiwa. Anaichukua ngoma hiyo kuwa ni ya jadi ya Wazungu, anafundishwa kuicheza, na hatimaye mwanamke anaingia naye katika tufe ili waende Afrika. Sokwe anaachwa peke yake.

Mwanamke anaigizwa na Catherine Hessling, aliyekuwa mke wa Renoir wakati huo. Mvumbuzi anaigizwa na Johnny Hudgins, Mwafrika wa Marekani aliyezaliwa Baltimore mwaka 1896, mchezaji na mchekeshaji aliyepata sifa New York katika mchezo wa muziki The Chocolate Dandies wa mwaka 1924. Umahiri wake mkubwa ulikuwa uigizaji bubu: alifungua na kufumba kinywa kana kwamba anaimba, ilhali sauti ilitoka katika tarumbeta ya mwanamuziki.

Filamu hii haiwezi kueleweka vyema pasi na kutajwa matukio mawili yaliyoitangulia. La kwanza ni onyesho la La Revue Nègre lililofunguliwa katika ukumbi wa Théâtre des Champs-Élysées mjini Paris mwezi wa Oktoba 1925. Ni onyesho hilo lililompa umaarufu Josephine Baker, na lililoufanya mji huo uone katika jazi na Charleston dawa ya uchovu ulioachwa na Vita vya Kwanza vya Dunia. Lakini dawa hiyo ilipewa jina la "ushenzi". Watazamaji wengi hawakumwona Baker kama msanii wa mjini, aliyezaliwa St. Louis na kufunzwa na majukwaa ya New York. Walimwona kama pori lililoletwa mlangoni kwao.

Tukio la pili ni msafara wa kampuni ya Citroën uliovuka Afrika kwa magari tangu Oktoba 1924 hadi Juni 1925. Msafara huo uliongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Ulipofika Kampala uligawanyika makundi manne, na baadhi yake yakapitia Mombasa na Dar es Salaam kuelekea Madagascar. Filamu ya Léon Poirier iliyotokana na safari hiyo, La Croisière noire, ilionyeshwa Paris mwaka 1926 kwa shangwe kubwa. Hivyo basi, mtazamaji wa mwaka 1927 alipomwona mvumbuzi Mwafrika akishuka katika chombo chake cha ajabu, hakuhitaji kuelezwa kwamba anayedhihakiwa ni nani. Wakazi wa Mombasa na Dar es Salaam walikuwa miongoni mwa waliotazamwa kupitia dirisha la magari yale. Katika filamu ya Renoir, dirisha limegeuzwa.

Mgeuzo kama Hoja

Ni haki kuanza na yale ambayo mgeuzo huu unayafanikisha. Kwanza, unaivunja dhana kwamba ustaarabu ni sifa ya damu. Vita vikitokea, kisa kinadai, Mzungu naye atarudi kuishi katika magofu na kuzungumza kwa ishara. Ni dai zito kwa jamii iliyokuwa imetoka kuzika vijana wake zaidi ya milioni moja, huku ikiendelea kuwaambia watawaliwa wake kuwa inawapelekea nuru. Pili, unaifanyia tashtiti elimu ya wavumbuzi. Msomi anafika, anaona jambo moja kwa muda mfupi, na papo hapo anaamua kwamba hiyo ndiyo mila ya wenyeji tangu enzi na dahari. Makosa ya mvumbuzi wa Renoir ni makosa yale yale yaliyojaa katika vitabu vya safari vilivyoandikwa na Wazungu kuhusu Afrika.

Kwa namna hii filamu inajiunga na mkondo mkongwe wa fasihi ya Kifaransa. Montesquieu, katika Lettres persanes ya mwaka 1721, aliwatumia wasafiri kutoka Uajemi kuifichua Paris. Voltaire, katika Micromégas ya mwaka 1752, alimleta mgeni kutoka nyota nyingine. Lakini mkondo huo una sharti lake lisilosemwa. Mgeni ni kioo tu. Msomaji hasomi Lettres persanes ili aijue Uajemi. Anaisoma ili ajue Ufaransa. Mgeni akishamaliza kazi ya kumwonyesha mwenyeji sura yake, hadaiwi chochote na hadai chochote. Swali linalofuata basi ni hili: Mwafrika wa filamu hii ni mtu, au ni kioo?

Ngazi Isiyoguswa

Jibu linaanza kuonekana usoni pa mvumbuzi. Hudgins anaonekana akiwa amejipaka weusi usoni na kuikuza midomo kwa rangi nyeupe. Desturi hiyo ilienezwa na Wazungu wa Marekani tangu miaka ya 1830, walipojipaka masizi ili kuwaigiza na kuwadhihaki watumwa. Baadaye Waafrika wa Marekani wenyewe walilazimika kuifuata ili wakubalike jukwaani, kama alivyofanya Bert Williams aliyefariki mwaka 1922. Kinaya chake ni kikubwa. Huyu ni mtu mweusi anayetakiwa ajipake weusi ndipo aonekane kuwa mweusi. Kisa kinamwita msomi wa taifa lililostaarabika. Uso wake na mavazi yake ya mchekeshaji vinamwita kichekesho. Akili ya mtazamaji inaambiwa kwamba nafasi zimebadilika, ilhali jicho lake linahakikishiwa kwamba hakuna kilichobadilika. Ni hali inayofanana na ile ambayo Frantz Fanon aliijadili mwaka 1952 katika kitabu chake kuhusu ngozi nyeusi na barakoa nyeupe: mtu mweusi anafika mbele ya wengine akiwa amekwisha kutangulia kufasiriwa. Tofauti ni kwamba hapa hata barakoa yenyewe ni nyeusi.

Dalili ya pili ni sokwe. Aghalabu wahakiki humwona kuwa ni pambo la kuchekesha, lakini katika mantiki ya mgeuzo yeye ndiye ufunguo. Nadharia za rangi za karne ya 19 ziliwapanga viumbe katika ngazi moja: chini sokwe, kisha Mwafrika, juu Mzungu. Filamu inamshusha mwanamke wa Kizungu hadi karibu na sokwe na kumpandisha Mwafrika juu. Vipawa vimebadilishwa wenyewe, lakini vidato vya ngazi ni vile vile vitatu, na kila kimoja kingali na maana yake ya awali. Ili Mwafrika awe juu, sharti awepo mwingine karibu na mnyama. Aliyeibuni hadithi hii hakuweza kuuwazia ulimwengu wa mwaka 2028 usiokuwa na mshenzi. Aliweza tu kumtafutia cheo hicho mtu mwingine.

Dalili ya tatu ni simu. Mwanamke anachora simu ukutani, nayo inageuka simu ya kweli. Wanaoonekana upande wa pili ni vichwa vyenye mabawa, mfano wa malaika. Miongoni mwa vichwa hivyo ni vya Renoir mwenyewe na mwandishi wa kisa, Pierre Lestringuez. Ni mzaha wa marafiki waliokuwa wakijifurahisha kwa mikanda iliyobaki. Hata hivyo mzaha husema kweli. Katika ulimwengu huu ambamo Ulaya imeangamia, mbingu bado ni ya Wazungu wachache wa Paris, nao ndio wanaoamua nani apande na nani ashuke. Uwezo wa kumgeuza mwingine haukugeuzwa.

Ngoma ni ya Nani?

Hoja nzito kuliko zote inahusu ngoma. Charleston ni jina la mji wa bandari katika jimbo la South Carolina. Bandari hiyo ilipokea Waafrika waliotekwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote katika nchi ambayo leo ni Marekani, na sehemu kubwa yao walitoka Kongo na Angola. Uzao wao katika pwani na visiwa vya eneo hilo ndio uliohifadhi mitindo ya uchezaji ambamo Charleston ilichipuka. James P. Johnson, mpiga kinanda mweusi, alipata kueleza kwamba aliwapigia New York wahamiaji kutoka Kusini waliocheza kwa namna hiyo kabla ya dunia kuijua. Mwaka 1923 wimbo wake ukatiwa katika mchezo wa Runnin' Wild, kazi ya wasanii weusi kwenye majukwaa ya Broadway, na kutoka hapo ngoma ikavuka bahari hadi Ulaya.

Njia ya ngoma hiyo, basi, ilitoka Afrika ya Kati na Magharibi, ikapita katika meli za watumwa hadi Charleston, ikaenda New York, ikafika Paris. Filamu inampeleka Mwafrika wa Afrika ya Kati Paris ili akafundishwe ngoma hiyo na mwanamke wa Kizungu, kama urithi wa mababu wa Kizungu. Mwana anarudishiwa mali ya babu yake kama zawadi, na anatakiwa ashukuru.

Mtetezi wa filamu anaweza kujibu kwamba hiki ndicho kinaya chenyewe. Hakuna mtazamaji wa Paris mwaka 1927 ambaye hakujua kwamba Charleston ililetwa na weusi. Kichekesho kinategemea ujuzi huo. Utetezi huu una uzito, na unaonyesha kwamba Renoir hakudanganya. Lakini kujua si sawa na kukiri. Ili kichekesho kifanikiwe, ni lazima mtu mmoja asahau, na aliyechaguliwa asahau ni Mwafrika. Paris inaruhusiwa kuchezea kumbukumbu. Mvumbuzi ananyang'anywa kumbukumbu. Ustaarabu wake wote, uliompa chombo cha kuruka angani, haukumwachia hata fununu kwamba miguu ya yule mwanamke inatumia lugha ya nyumbani kwake. Amepewa mashine, akapokonywa historia. Hapa ndipo mgeuzo unapofichua kasoro yake: katika kumpa Mwafrika nafasi ya Mzungu, umempa pia ujinga wa Mzungu, na kumfanya alipie ujinga huo kwa mali yake mwenyewe.

Hata hivyo, mwili wa Hudgins haukubaliani na kisa. Kwa mujibu wa kisa yeye ni mwanafunzi. Lakini mara tu anapoanza kucheza, uwiano wa viungo vyake na wepesi wa magoti yake vinamtangaza kuwa ndiye mwalimu. Hessling anacheza kwa bidii na furaha. Hudgins anacheza kwa ujuzi. Pale ambapo Renoir anaipunguza kasi ya picha, tofauti hiyo inazidi kuwa dhahiri, kwani mwendo wa polepole humfichua asiyeijua ngoma. Fauka ya hayo, ububu wa sinema, ambao ungemnyima msanii mwingine silaha yake, kwa Hudgins ulikuwa uwanja wa nyumbani. Miaka mingi alikuwa akiwasemesha watu bila ya kutoa neno.

Mwaka huo huo wa 1927, akiwa Uingereza, Hudgins alijipatia hakimiliki ya kijitabu kilichoeleza michezo yake ya uigizaji bubu. Tendo hili ni sehemu ya maana ya filamu ingawa halimo ndani yake. Wakati ambapo skrini za Paris zilimwonyesha akipokea ngoma kutoka kwa mwingine kama asiye na chake, mtu yule yule alikuwa mbele ya sheria akidai kwamba mienendo ya mwili wake ni kazi ya akili yake, na kwamba kazi hiyo ina mwenyewe. Hakudai kuketi katika kiti cha bwana. Alidai kutambuliwa kama mtunzi. Madai ya namna hii ndiyo ambayo mgeuzo wa Renoir haukuwa na mahali pa kuyaweka.

Migeuzo Mingine

Upungufu huu si wa lazima katika utanzu wenyewe. Miaka saba kabla ya filamu, mwaka 1920, W. E. B. Du Bois alichapisha hadithi fupi iitwayo The Comet. Ndani yake, nyota yenye mkia inaua watu wa New York na kuwaacha mwanamume mweusi na mwanamke wa Kizungu wakidhani kwamba ndio pekee waliosalia. Kwa kitambo wanaonana kama binadamu wawili. Kisha wanagundua kwamba wengine wako hai, na mara ubaguzi unarejea pamoja nao. Du Bois hambadilishii yeyote nafasi. Anaiondoa ngazi kwa muda, ili msomaji aone nani hasa anayeisimamisha tena. Maangamizi ya Renoir yanazaa kichekesho kwa sababu ngazi imebaki. Ya Du Bois yanazaa huzuni kwa sababu ngazi iliondoka, kisha ikarudi.

Mfano wa pili unatoka katika nathari ya Kiswahili yenyewe, na si wa kubuni. Mwaka 1896 Salim bin Abakari, Mngazija aliyekuwa mtumishi wa Mjerumani Bumiller, alisafiri naye Urusi na Siberia. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1901 katika mkusanyiko wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli. Huyu ni Mwafrika aliyeitembelea Ulaya ya kaskazini na kueleza kwa Kiswahili desturi za watu wake, miaka 30 kabla ya mvumbuzi wa Renoir. Hakuwa na chombo cha kuruka. Nafasi yake ilikuwa ya chini, na maandishi yake yalikusanywa na msomi wa dola ya kikoloni. Lakini anayeona ni yeye, anayepima ni yeye, na lugha ya kupimia ni yake. Mvumbuzi wa filamu ana cheo bila sauti. Salim bin Abakari ana sauti bila cheo. Ikibidi kuchagua ni yupi kati ya hao wawili anayetazamwa kama mtu, jibu si gumu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Sur un air de Charleston ni tashtiti yenye ujasiri kwa wakati wake, na kwamba dhihaka yake kwa wavumbuzi na kwa majivuno ya Ulaya ni ya haki. Yameonyesha pia kwamba haki hiyo inakoma pale ambapo Mwafrika angepaswa kuacha kuwa kioo na kuwa mtu mwenye kumbukumbu na mali. Methali ya mkuki ni sahihi, lakini ni nusu ya hoja. Kumfanya binadamu auhisi mkuki ni mwanzo tu. Bado kuna swala la kuuweka chini, na la kumrudishia aliyejeruhiwa kilicho chake.

Jambo hili lina uzito kwa uhakiki kwa jumla. Ni rahisi kuisifu kazi ya fasihi au sinema kwa sababu tu imemweka juu yule aliyezoea kuwekwa chini, kama kwamba kiti ndicho kinachompa mtu utu. Kipimo hicho hakitoshi. Mhakiki anayestahili jina hilo anapaswa kuuliza mambo mawili zaidi: ni nani aliyebaki chini ili huyu apande, na je, aliyepandishwa amekiriwa kuwa mwenye alichokileta? Kwa kipimo cha kwanza filamu ya Renoir inashindwa kwa sababu ya sokwe na mwanamke wake. Kwa kipimo cha pili inashindwa kwa sababu ya ngoma. Kinachoiokoa isiwe kichekesho kitupu ni kwamba mwenye ngoma alikuwemo ndani yake, na kila alipoinua mguu aliikanusha hadithi aliyopewa aigize.